Howard Hinton: Msomi wa wadudu aliyechunguza mnyama anayekauka bila kufa
Na Mwandishi Wetu, Durban

Mwezi Oktoba 2024, jina la Hinton lilisikika katika redio na televisheni za dunia nzima. Geoffrey Hinton, Mwingereza aishiye Canada, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Mmarekani John Hopfield kwa kazi yao iliyofungua njia ya kompyuta zinazojifunza zenyewe. Watu wengi wanamjua mtoto huyo. Wachache wanamjua baba.

Makala haya yanamhusu baba. Aliitwa Howard Everest Hinton, alizaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1977. Kazi yake ilikuwa wadudu. Na miongoni mwa wadudu wote aliowachunguza, mmoja alitoka katika vidimbwi vya mvua vya juu ya miamba ya Afrika, vidimbwi ambavyo kila mtoto aliyechunga mbuzi anavijua. Mdudu huyo alimfanya Hinton aulize swali ambalo hata waganga na mashekhe hawajalimaliza: mtu akisema kitu hiki kimekufa, ana maana gani hasa?

UKOO WA WASOMI NA MISUKOSUKO

Ukoo wa Hinton ni wa kushangaza. Babu wa baba yake, kwa upande wa mama, alikuwa George Boole, mwanahisabati aliyeweka misingi ya mantiki ya ndiyo na hapana ambayo kompyuta zote za leo zinaitumia. Mke wa Boole, Mary Everest, alikuwa mpwa wa George Everest, mpima ardhi wa Uhindi ambaye jina lake lilipewa mlima mrefu kuliko yote duniani. Ndiyo maana jina la Everest limerithiwa katika familia hii hadi leo.

Babu yake, Charles Howard Hinton, alikuwa naye mwanahisabati. Huyu alijulikana kwa kuandika juu ya pembe ya nne, yaani upande wa dunia ambao macho hayauoni. Alijulikana pia kwa aibu: mwaka 1886 alihukumiwa Uingereza kwa kosa la kuoa mke wa pili huku wa kwanza yupo, jambo ambalo sheria ya kwao inalikataza. Baada ya hapo alikwenda Japani kufundisha, kisha Marekani, na hakurudi kuishi kwao.

Mtoto wa huyo, George Boole Hinton, alikuwa mhandisi wa migodi aliyehamia Mexico. Kazi ya migodi ilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Alipanda milima na kushuka mabonde akikusanya mimea, na vielelezo vyake kwa maelfu vimehifadhiwa katika makumbusho ya mimea ya nchi mbalimbali. Huyo ndiye baba wa Howard.

Kwa hiyo Howard alizaliwa Mexico, katika familia ya Waingereza waliokuwa mbali na Uingereza kwa vizazi viwili. Alikulia katika nchi ya wengine, akizungumza lugha ya wenyeji, akifuatana na baba katika safari za porini. Baba aliokota majani, mtoto akaokota wadudu. Wadudu aliowakusanya katika eneo la Temascaltepec alipokuwa kijana bado wamo katika makumbusho, kila mmoja na sindano yake na karatasi ndogo yenye jina lake.

KUTOKA MEXICO HADI TITICACA

Alisoma Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kisha akavuka bahari kwenda Cambridge kwa masomo ya juu. Mwaka 1937, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga na msafara wa wanasayansi kwenda Ziwa Titicaca, lililo kati ya Peru na Bolivia. Ziwa hilo liko zaidi ya mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Kazi yake ilikuwa wadudu wa majini, hasa mbawakawa wadogo wanaoishi chini ya maji.

Safari ile ilimpa swali alilolibeba maisha yake yote. Mdudu wa majini anapumuaje? Na mdudu ambaye maji yake hukauka kila mwaka, anafanyaje? Mtu anayeishi kando ya ziwa kubwa hawezi kuliona swali hili kuwa zito. Lakini katika nchi ambayo mvua huja na kuondoka, maji ni mgeni tu, na kila kiumbe kidogo lazima kiwe na mpango wa siku ambayo mgeni ataaga.

Mwaka 1939 Hinton aliajiriwa na jumba la makumbusho la elimu ya viumbe, London. Vita vikaanza mwaka huohuo. Uingereza ilikuwa ikitegemea nafaka zinazoletwa kwa meli, na meli zilikuwa zikizamishwa. Gunia lililofika salama halikutakiwa kuliwa na fukusi. Kwa hiyo Hinton aliwekwa kwenye kazi ya kuwatambua wadudu waharibifu wa vyakula vilivyohifadhiwa ghalani. Mwaka 1945 alitoa kitabu kikubwa juu ya mbawakawa wa maghala, na kwa miaka mingi maofisa wa kilimo wa nchi nyingi walikitumia. Ukitafakari, hata hiyo ilikuwa kazi ya ukavu. Fukusi huishi ndani ya punje iliyokauka, hanywi tone la maji, na bado hunenepa.

MDUDU WA VIDIMBWINI

Mwaka 1949 alihamia Chuo Kikuu cha Bristol, magharibi mwa Uingereza. Huko alifundisha elimu ya wanyama, akawa profesa, na huko ndiko alikomlea Geoffrey na ndugu zake. Mwaka 1951 alichapisha taarifa fupi juu ya aina mpya ya mdudu kutoka kaskazini mwa Nigeria.

Mdudu mwenyewe, akishakua, hana la kujivunia. Ni mdogo, ana mabawa mawili, anafanana na mbu ila haumi mtu. Ni wa jamii ile ile ya vijidudu ambavyo wakazi wa kando ya Ziwa Victoria huviona vikipaa kama moshi juu ya maji. Jambo la ajabu liko kwa kiluwiluwi wake. Kiluwiluwi huyu ana urefu wa milimita chache, anaishi kwenye tope la kidimbwi kilicho juu ya mwamba wazi, ndani ya kijumba cha tope anachojijengea. Jua likiwaka, kidimbwi kinakauka. Kiluwiluwi anakauka nacho. Mvua ikinyesha, anaamka. Katika msimu mmoja wa mvua anaweza kukauka na kuamka mara kadhaa, na kiangazi kikija anakaa mkavu kwa miezi.

Hinton alimpa jina la kisayansi Polypedilum vanderplanki, kwa heshima ya mtafiti F. L. Vanderplank. Hapa wasomaji wetu wa Tanzania wana la kukumbuka. Vanderplank ndiye aliyefanya kazi Shinyanga enzi za Tanganyika, akichunguza mbung'o waenezao malale. Aligundua kwamba mbung'o wa aina mbili tofauti wakipandana, watoto wao huwa tasa, na katika miaka ya 1940 alijaribu kuitumia siri hiyo kuwapunguza mbung'o porini. Baadaye alikwenda Zanzibar, akachunguza jinsi wale sisimizi wakali wa minazini, majimoto, wanavyoulinda mnazi dhidi ya kunguni anayeangusha nazi changa. Mtu wa Shinyanga na Zanzibar, basi, ndiye ambaye jina lake limebebwa na mnyama huyu wa ajabu.

Wakati ule ilikwisha kujulikana kwamba viumbe vidogo sana vinaweza kukauka na kurudi. Mwaka 1702 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alichukua vumbi la mfereji wa paa la nyumba, akalitia maji, na chini ya kioo chake akaona vijinyama vikianza kuogelea. Lakini vile vilikuwa vijinyama visivyoonekana kwa macho matupu. Mdudu wa Hinton ana ubongo, ana mishipa ya fahamu, ana utumbo, ana misuli. Hadi leo hajapatikana mnyama mwenye mwili mkubwa na mgumu kuliko huyu anayeweza kukauka kabisa na kurudi.

MAJARIBIO YA MWAKA 1960

Hinton hakuridhika na kumpa jina. Kwa karibu miaka 10 alimfanyia majaribio, na mwaka 1960 akachapisha matokeo ambayo yaliwafanya wenzake wasome mara mbili.

Kwanza alipima maji. Mwili wa kiluwiluwi aliye hai, kama wetu, sehemu yake kubwa ni maji. Aliyekauka hubakiwa na maji yapatayo asilimia 3 tu. Mtu akipoteza maji asilimia 15 ya uzito wake anakufa. Huyu anapoteza karibu yote.

Kisha alimtesa kwa joto na baridi. Akiwa mkavu, kiluwiluwi aliwekwa kwenye nyuzi joto 102 za Sentigredi kwa muda mfupi, yaani zaidi ya maji yanayochemka. Akawekwa kwenye heliamu ya maji, nyuzi 270 chini ya sifuri, karibu na baridi ya mwisho iwezekanayo kuwapo. Alipotiwa maji ya kawaida, aliamka na kuendelea kula. Kiluwiluwi huyo huyo, akiwa na maji mwilini, angekufa kwa joto la bakuli la chai iliyoanza kupoa.

Jaribio lililokuwa zito kuliko yote halikuwa la joto. Hinton alitaka kujua ni nani anayetoa amri ya kukauka. Je, ni ubongo? Aliwakata viluwiluwi vichwa, akawakausha polepole, akawatia maji. Miili isiyo na kichwa ilirudi hai kwa kadiri mwili usio na kichwa unavyoweza kuwa hai. Miaka 42 baadaye, mwaka 2002, watafiti wa Kijapani walirudia jambo hilo kwa vipimo vya kisasa na kuthibitisha: kila seli ya mwili inahisi ukavu yenyewe, na inajiandaa yenyewe, bila kungoja amri kutoka juu.

Mwaka mmoja kabla ya majaribio hayo kutangazwa, David Keilin wa Cambridge, msomi mwingine mkubwa, alikuwa amependekeza kwa Kigiriki jina jipya la hali hii, lenye maana ya uhai uliofichika. Hinton alilichukua jina hilo na kulitumia. Kiluwiluwi mkavu hapumui. Hali chakula. Hakui wala hazeeki kwa namna inayopimika. Kwa kipimo chochote cha uhai tulichozoea, hayupo. Na bado mtu hawezi kumwita maiti, kwa sababu maiti haamki.

Hinton alilisukuma wazo hili mbali zaidi. Mwaka 1968 aliandika kwamba viumbe vya mwanzo kabisa duniani huenda vilikuwa na uwezo huu wa kusimama na kuendelea, na kwamba uhai huenda ulianza mahali panapolowa na kukauka, badala ya kina cha bahari. Wengi hawakumfuata. Leo wapo wanasayansi wanaolichukulia kwa uzito wazo la uhai kuanzia katika vidimbwi vinavyolowa na kukauka.

NINI KINATOKEA NDANI YA SELI

Hinton aliona kwamba jambo linatokea. Namna linavyotokea ilijulikana vizuri baada ya kifo chake, na inafaa kuelezwa kwa sababu ndiyo ladha ya habari nzima.

Seli ni kama mfuko wa utando mwembamba uliojaa maji, na ndani ya maji hayo zimo protini zilizokunjwa kila moja kwa umbo lake. Maji ndiyo yanayozishika protini zisikunjuke, na ndiyo yanayoutenganisha utando mmoja na mwingine. Maji yakiondoka, tando hugandana na kuchanika, protini hukunjuka na kushikamana kama ute wa yai kwenye kikaango. Hata maji yakirudi, yai lililokaangwa halirudi kuwa bichi. Hicho ndicho kifo cha ukavu.

Kiluwiluwi wa Hinton anaondoa maji huku akiweka kitu kingine mahali pake. Ukavu unapoanza, chumvi za mwilini zinazidi kukolea, na seli zinaichukulia hiyo kuwa onyo. Hapo akiba ya wanga iliyomo katika mafuta ya mwili inageuzwa kuwa sukari iitwayo trehalosi. Sukari hii si ngeni duniani. Imo kwenye uyoga na kwenye damu ya nzige. Lakini kiluwiluwi huyu anajijaza hadi sukari inafikia karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake mkavu. Sukari hiyo husambazwa katika kila seli, inashika protini na tando mahali ambapo maji yalikuwa yakishika, kisha maji ya mwisho yakiondoka inaganda pamoja na protini maalumu za ulinzi na kuwa kama kioo. Kila kitu ndani ya seli kinabaki mahali pake, kimetulia, hakisogei.

Kwa nini lazima sukari iwe ya namna hiyo? Kwa sababu inapokauka haitengenezi chembe zenye ncha kama chumvi ya jikoni. Inakuwa ngumu na laini kwa pamoja, kama pipi. Na maji yakirudi inayeyuka haraka, ikiacha protini jinsi zilivyokuwa. Kiluwiluwi huanza kujinyonganyonga baada ya muda upatao saa moja.

Kuna sharti moja. Lazima akauke polepole, kwa muda wa siku mbili hivi. Akikaushwa kwa saa chache, sukari haiwahi kutengenezwa, naye anakufa kama mdudu mwingine yeyote. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na kwa huyu methali ni suala la uhai wenyewe. Kile kijumba cha tope anachojijengea kina kazi hapa: kinayachelewesha maji yasitoke upesi.

Na kuna jambo la pili ambalo watafiti waligundua miaka ya karibuni, nalo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani ukavu ni usingizi mtamu. Kiluwiluwi anapoamka, vinasaba vyake vimekatikakatika mahali pengi. Anachukua siku kadhaa kuviunga upya. Harudi akiwa mzima kama alivyoondoka. Anarudi akiwa na majeraha na akiwa na vifaa vya kuyaponya.

Mwaka 2014 ramani ya vinasaba vyake ilichapishwa, ikilinganishwa na ya ndugu yake wa karibu ambaye hufa akikaushwa. Ilionekana kwamba jeni za protini za ulinzi zimejirudia nakala nyingi kwa huyu, na kwa ndugu yake hazipo kwa namna hiyo. Wengine wa aina hii walipelekwa nje ya kituo cha anga za juu, wakakaa huko zaidi ya mwaka mmoja wakiwa wakavu, na baadhi yao waliamka waliporudishwa. Rekodi ya ukavu inayotajwa na wataalamu ni miaka 17.

MAYAI, MABARA NA MWISHO WA SAFARI

Itakuwa kosa kudhani Hinton alikuwa mtu wa mdudu mmoja. Mwaka 1957 alianzisha jarida la kimataifa la utendaji wa miili ya wadudu, ambalo bado lipo. Mwaka 1961 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha juu kabisa cha wanasayansi wa Uingereza. Hadubini mpya za elektroni zilipofika, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia kutazama maganda ya mayai ya wadudu. Alionyesha kwamba ganda la yai dogo kuliko chembe ya mchanga lina wavu wa vishimo unaoshika hewa. Mvua ikilifunika yai, hewa hiyo inakuwa mapafu yake. Mvua ikikoma, ganda hilo hilo linazuia maji ya ndani yasipotee. Ni swali lile lile la Titicaca, jinsi ya kuishi na maji na kuishi bila maji.

Aliamini pia, mapema kuliko wengi, kwamba mabara yalikuwa yameungana zamani kisha yakaachana. Ushahidi wake ulikuwa mbawakawa wa majini wa pande mbili za bahari waliofanana mno kwa viumbe wasioweza kuvuka bahari. Wanajiolojia wengi walilicheka wazo hilo hadi miaka ya 1960 walipolazimika kulikubali. Mtoto wake Geoffrey, ambaye naye alichekwa kwa miaka mingi kwa kushikilia njia yake ya kompyuta, ameueleza mfano huo wa baba yake hadharani.

Howard Hinton alifariki mwaka 1977, kazi yake kubwa juu ya mayai ikiwa haijatoka kiwandani. Ilichapishwa mwaka 1981 katika mabuku matatu. Kitabu nacho, kwa namna yake, kilikaa mkavu kwa miaka minne kikingoja maji.

MCHU WA DURBAN

Ndugu msomaji utauliza, habari hizi za Bristol na Nigeria zinaandikwaje kutoka Durban? Zinaandikwa kutoka hapa kwa sababu ya mti.

Kaskazini kidogo mwa katikati ya jiji, mahali mto Umgeni unapoingia baharini, kuna msitu mdogo wa mikoko uitwao Beachwood. Mkoko mmojawapo ni mchu, ule ule wa Lamu, Tanga na Unguja. Mtu wa pwani akifika pale anahisi harufu ya nyumbani. Mbegu ya mchu ni kinyume kamili cha kiluwiluwi wa Hinton. Ukiiweka mezani ikauke, siku chache imekufa, na maji hayaiamshi tena.

Katika chuo kikuu cha hapa, Profesa Patricia Berjak, aliyefariki mwaka 2015, pamoja na mwenzake Norman Pammenter, walitumia miongo kadhaa wakiuliza kwa nini mbegu za namna hiyo hazivumilii ukavu, na mchu ulikuwa mmoja wa mimea waliyoichunguza kwa kina. Jibu kwa ufupi ni kwamba mbegu ya mchu haisimami. Mahindi na maharage yakikomaa hupunguza kazi zote za ndani na kujifunga. Mchu unaanguka kutoka mtini ukiwa tayari umeanza safari ya kuota, seli zake zikifanya kazi kwa nguvu zote, na ukavu unaikuta nyumba ina moto jikoni. Kwa hiyo huwezi kuiweka mbegu yake ghalani miaka 20 kama mtama. Ukiupoteza msitu, umeipoteza na akiba.

Nilipoanza kusoma habari hizi nilikuwa na sababu zangu. Niliondoka Bujumbura mwaka 2015, mwaka ambao vituo kadhaa vya redio vilishambuliwa na kufungwa. Nilikuwa mtangazaji. Hapa Durban nililinda magari ya watu mitaani, kazi inayojulikana kwa wengi wetu tuliotoka Burundi na Kongo, na kwa miaka mitatu sikuandika hata mstari mmoja. Rafiki zangu walisema taaluma imekufa. Sikuwa na la kuwajibu. Nimekutana na wenzangu waliojaribu kuendelea na maisha ya nyumbani kwa kasi ile ile, kama mchu, wakavunjika mwaka wa kwanza. Nimekutana na wengine walionyamaza polepole, wakaweka kitu kitamu mahali pa kile kilichoondoka, lugha, swala, watoto, na wakaamka baadaye. Waliamka na majeraha. Sidai kwamba mwanadamu ni mdudu. Nasema tu kwamba tofauti kati ya kusimama na kufa si ndogo, na kwamba Hinton ndiye aliyeipima.

KIDIMBWI NI CHA NANI

Kuna swali moja la mwisho, nalo ni letu. Hinton aliwataja viluwiluwi hawa kutoka Nigeria na pia kutoka Uganda. Miamba yenye vidimbwi ipo Mwanza, ipo Dodoma, ipo kaskazini mwa Uganda. Lakini jina la mdudu ni la Mzungu, aliyempa jina ni Mzungu, maabara iliyofungua siri ya sukari ni ya Japani, na sisi wenye kidimbwi tunasoma habari hizi kwenye intaneti.

Hali imeanza kubadilika kidogo. Mwaka 2017 ilitangazwa aina ya pili ya mdudu huyu iliyopatikana Malawi, ikaitwa pembai. Msomaji wa Zanzibar asifurahi mapema: jina halitokani na kisiwa cha Pemba, linatokana na jina la mtafiti wa Malawi, Dylo Pemba, aliyekuwa miongoni mwa walioiandika taarifa hiyo. Mara hii kidimbwi na jina vimetoka mahali pamoja.

Faida haiko mbali. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu hutolewa zikiwa unga mkavu, lakini hata hivyo lazima zikae kwenye jokofu, na zahanati isiyo na umeme inajua maana yake. Damu ya kuongezewa wagonjwa haikai wiki nyingi. Watafiti wa Kijapani wamekuza seli za mdudu wa Hinton kwenye chupa, wakazikausha zikiwa na kimeng'enya cha kigeni ndani yake, na zaidi ya mwaka mmoja baadaye, bila jokofu, kimeng'enya hicho kilikuwa bado kinafanya kazi. Siku njia hiyo itakapofikia dawa na chanjo, atakayenufaika zaidi ni mama wa kijijini anayetembea kilomita 15 na mtoto mgongoni, akafika na kuambiwa dawa zimeharibika kwa joto.

Hinton alizaliwa ugenini, akafanya kazi ugenini, na jambo kubwa alilogundua lilitoka katika tope la nchi ambayo si yake. Kiangazi kijacho, ukipita kwenye jabali lenye shimo la vumbi jeusi, usilipige teke. Lete kikombe cha maji, mimina, kaa kivulini, ungoje saa moja.